Rangi ya Nane

Wapo watu wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya vijiko, na hapa Corliss, kaskazini mwa Ohio, tulikuwa na Vernon Stasiak aliyekuwa akimkusanya mwanawe. Sitanii. Trent Stasiak ndiye kijana pekee wa mji huu aliyewahi kuchukuliwa na timu kubwa ya besiboli, na mwaka huohuo, akiwa na miaka kumi na minane, kampuni moja ikamtolea kadi yake: kofia kichwani, mguu mmoja hewani, mkono wa kushoto nyuma ya sikio tayari kurusha mpira, na chini kabisa saini yake kwa wino wa bluu. Picha ni moja, maneno ni yaleyale. Kinachobadilika ni mng'ao tu.

Na hapo kwenye mng'ao ndipo ugonjwa ulipo. Za fedha zilitolewa mia tano kasoro moja, za zambarau mia mbili na hamsini, za bluu mia na hamsini, za kijani tisini na tisa, za dhahabu hamsini, za rangi ya chungwa ishirini na tano, nyekundu tano. Ya nane, yenye dhahabu ya vigaevigae inayometameta ukiigeuza kidogo tu, ni moja dunia nzima. Kila kadi imepigwa namba yake, na hiyo imepigwa moja ya moja. Akizipata zote nane, mtu husemwa kafunga upinde wa mvua, na wenzake humwamkia kama aliyetoka kuhiji.

Bahati mbaya mkono wa Trent haukufika mbali. Ulipasuliwa mara mbili, na alipofika miaka ishirini na nne timu ikamwambia asante, kwaheri. Sasa ana thelathini na mmoja, anaendesha gari la wilaya la kumwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Kadi ya mchezaji aliyefeli haina mwenyewe; zake ungezikuta kwenye boksi la dola mojamoja, zimelala na za waliofeli wenzake. Mtu mwenye akili zake angeufunga upinde ule kwa mwaka na nusu. Vernon alikuwa mwaka wa saba, na bado ilimbaki moja.

"Lyle kaipata," alimwambia mkewe Alhamisi moja ya Januari. Lyle ndiye muuza kadi wa mji wetu.

Darlene ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka jiko la shule ya msingi, ambako huwapikia watoto mia tatu. Hata koti alikuwa hajavua. "Kapata nini? Aibu?"

"Ya nane. Ile ya peke yake. Kuna mtu Indiana alikuwa ameitupa kwenye droo miaka yote hii. Itamfikia Lyle Jumamosi." Akamsogezea simu. Picha ilikuwa imepigwa chini ya taa kali, na mng'ao ulikuwa umemeza nusu ya kadi. Uso wa Trent ulionekana, mkono ulionekana, lakini pale penye saini palikuwa na mwanga mtupu.

"Anataka ngapi?"

"Mia tisa."

"Dola?"

"Hapana, viazi."

Darlene akakaa kitini na koti lake. "Vernon. Ya bluu uliinunua dola nne."

"Za bluu ziko mia na hamsini. Hii iko moja, na Lyle anajua duniani kuna mnunuzi mmoja."

"Huyo Lyle Hobart tangu udogo wake hana haya. Na wewe mia tisa unazitoa wapi?"

"Ninazo mia nne. Anasema ataichukua hiyo mia nne, ila..." Vernon akaanza kusugua meza kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Ila Trent akakae mezani kwake Jumapili, saa moja tu, asainie watu mipira. Watu wa hapa bado wanamkumbuka. Wataingia wengi."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia mimi atakataa. Wewe ni mama yake."

"Na wewe ni nani yake?"

Vernon akaangalia ukutani, ambako fremu yake ilikuwa imening'inia. Ilikuwa ya mti wa jozi, aliitengeneza seremala wa mtaa wa pili, ina kioo na matundu manane ya kulaza kadi. Saba yalikuwa yamejaa. Jua dogo la alasiri lilipoingia dirishani, ukuta mzima ulifanya rangi, na Darlene, ambaye alikuwa amezichoka kadi hizo kuliko alivyochoka kumenya karoti, hata yeye alikiri moyoni kwamba zinapendeza.

Fremu hiyo haikuwa ya Vernon. Ilikuwa ya Trent. Siku ya nane itakapoingia, Vernon angeishusha, ampelekee mwanawe, na mwanawe angeelewa. Hivyo ndivyo alivyojiambia kwa miaka saba. Kuna wanaume ambao kinywa chao hakijawahi kujifunza neno samahani, na Vernon alikuwa mmoja wao. Aliweza kukujengea nyumba nzima ili umsamehe, lakini neno lenyewe lisimtoke.

"Samahani haihitaji kioo, Vernon," Darlene alisema, akiinuka kuvua koti.

"Utampigia au humpigii?"

"Nitampigia."

*

Sasa mwelewe kwa nini miaka saba, maana mji mzima ulikuwa ukimcheka. Kadi nyekundu, kwa mfano, ziko tano tu, na Vernon aliletewa moja mwaka wa pili. Akaiinamisha kwenye mwanga, akaitazama, akairudisha: "Kona imechakaa." Haikuwa imechakaa. Mwaka wa tatu akaletewa nyingine, akaikataa nayo: "Ina mkwaruzo." Watu wakasema mzee Stasiak karukwa na akili, anachagua kwenye jaa. Ya tatu akaichukua bila kuuliza bei. Alikuwa anatazama kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitazama.

Kadi zile, kabla hazijauzwa, zilipelekwa nyumbani kwa Stasiak ndani ya maboksi mawili ili Trent azisaini, zaidi ya elfu moja, rangi zimechanganywa. Zilitakiwa zirudi Jumanne. Ilikuwa Jumapili ya Januari kama hizi, baada ya chakula cha mchana, na kijana alikaa pale jikoni akasaini hadi zikafika kama mia saba. Kisha akaweka kalamu chini.

"Baba, mkono unaniuma."

"Mkono unauma kwa kuandika jina?"

"Unaniuma, Baba."

"Huo ni uvivu tu. Wenzako wanatamani kuombwa saini, wewe lako linakuchosha. Lete hapa."

Akaichukua kalamu, akakaa, akazisaini mwenyewe zilizobaki, mia tatu na kitu. Jina la mwanawe alikuwa amelizoea. Trent akaenda kutazama televisheni, amekishika kiwiko. Darlene alikuwa papo hapo kwenye sinki anamenya viazi. Alisikia kila neno, akaendelea kumenya. Hakuna aliyeuliza mkono unauma wapi, wala tangu lini. Mwezi wa tatu, kwenye mazoezi, mshipa wa kiwiko ukakatika. Daktari wa timu alisema ulikuwa umeanza kuchanika miezi kabla, na akashangaa kwamba kijana hakuwahi kumwambia mtu.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Ya Vernon hayakungoja wajukuu. Alitaka upinde ambao kila kadi yake imesainiwa na mkono wa mwanawe, ule mkono ulipokuwa bado mzima, asionekane yeye popote. Kila iliyokuwa na mwandiko wake aliikataa. Kwa rangi saba uchaguzi ulikuwepo. Kwa ya nane hakuna uchaguzi, iko moja tu, na hakukumbuka hata kidogo ni nani kati yao wawili aliyeishika Jumapili ile. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili alikuwa anaomba Mungu kama mtu aliyepeleka damu hospitali kupimwa.

*

Maonyesho ya kadi hufanyika katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, Jumapili ya tatu ya kila mwezi. Unalipa dola mbili mlangoni, unapigwa muhuri mgongoni mwa mkono, unaingia kwenye harufu ya kahawa na soseji. Lyle alikuwa ameweka bango kwa kalamu nene: TRENT STASIAK, FAHARI YA CORLISS, ANASAINI LEO. Herufi za mwisho zilikuwa zimebanana kwa kukosa nafasi.

Trent aliingia na koti lake la kazi, la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa usiku. Mtu mmoja mwenye kofia ya kijani akamwita kutoka meza ya soseji: "Trent! Umevaa rangi gani hiyo, ya ishirini na tano?" Watu wakacheka. Trent naye akacheka, maana alilelewa vizuri.

"Nina zamu saa tisa," alimwambia babake. "Theluji inakuja. Nimekuja kwa sababu ya Mama."

"Najua. Asante."

"Kadi yenyewe iko wapi?"

"Lyle anayo. Bado sijaiona."

Alikuwa hajathubutu. Lyle alikuwa ameilaza ndani ya kasha la plastiki kwenye kibweta cha kioo, na Vernon alikuwa amepita mbele ya kibweta hicho mara tatu akitazama kwingine, kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa.

Trent akakaa. Watu wa kwanza wawili wakasogeza mipira, na yeye akaichukua kalamu kwa mkono wa kulia.

Vernon alidhani ni mzaha, maana mwanawe alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Kisha akamwona mwanawe ameinama, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, anaandika jina lake polepole kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushikilia mpira, vidole viwili vya mwisho vimejikunja vyenyewe.

"Darlene," alimnong'oneza mkewe aliyesimama kando yake. "Tangu lini?"

"Tangu upasuaji wa pili. Vidole viwili havina hisia."

"Miaka saba? Mbona sijui?"

"Kala kwetu Krismasi zote hizo, kashika uma kwa mkono wa kulia, anakaa mbele yako. Ulikuwa unaangalia ukutani, Vernon."

Nusu saa ilikwenda vizuri. Halafu akaja Bi Opal Renner, aliyekuwa karani wa posta miaka thelathini na nne na ambaye mwandiko wa mtu kwake ni sawa na uso. Alikuwa na kadi ya kijani ya Trent, aliyoinunua zamani kwa ajili ya kumuunga mkono kijana wa mtaani. Akaomba kwanza aione ile ya peke yake. Lyle akaitoa kwa madaha, kwa vidole viwili, akaiinamisha kushoto na kulia ili watu waone inavyowaka.

Bi Opal hakuangalia inavyowaka. Aliweka kadi hizo mbili bega kwa bega, akavaa miwani.

"Hizi hazifanani."

"Moja ya kijani, moja ya dhahabu, mama," Lyle akasema. "Zitafananaje?"

"Usinichezee, Lyle. Nazungumzia saini. Hii ya kijani, S imeinama, mkia wake unakimbia. Hii ya dhahabu S imesimama wima, imefungwa kote juu na chini. Hii ni S ya mtu aliyechapwa vidole kwa rula na masista wa shule ya kanisa." Akamwangalia Trent juu ya miwani. "Na wewe, mwanangu, ulisoma shule ya serikali."

Wasiokuwa na shughuli wakaanza kusogea. Kwenye dunia ya kadi hakuna neno baya kama neno la saini. Unaweza kuiba mke wa mtu ukasamehewa. Saini ya uongo, hapana. Lyle akatoa karatasi haraka. "Trent, andika hapa tumalize maneno."

Trent akaandika, kwa mkono wa kulia. Haikufanana na ya kijani wala ya dhahabu. Ilikuwa saini ya mtoto wa darasa la pili.

"Ee," mtu akaguna.

Ndipo Trent akaivuta ile kadi karibu, kwa mara ya kwanza. Akaitazama. Ile S alikuwa ameiona maisha yake yote: kwenye fomu za shule, kwenye ruhusa za safari, kwenye bahasha za siku yake ya kuzaliwa. Akainua macho, yakamkuta babake amesimama nyuma ya Bi Opal, kofia mkononi.

Vernon alijua. Alikuwa ameiona tangu Lyle alipoiinamisha mara ya kwanza. Sasa alijua pia kwamba neno linalotakiwa ni moja, na ni lake yeye, na watu thelathini wanalingoja bila kujua wanalingoja kutoka kwake. Akafungua mdomo. Akawaza watu wangemwonaje, akawaza fremu, akawaza kila kitu isipokuwa kijana aliyekaa pale mbele yake. Akafunga mdomo.

"Ni yangu," Trent akasema. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nabadilibadilisha."

"Umebadilisha mpaka mifupa ya mwandiko?" Bi Opal aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, maana alikuwa ameyafuata macho ya Trent hadi yalipoishia.

"Nilichoka. Zilikuwa elfu moja."

Yule wa kofia ya kijani, soseji mkononi, akaona pa kusemea. "Basi ndiyo hivyo! Mvivu hata wa jina lake mwenyewe. Ligi kuu ingemchukua wa nini?"

Kicheko kikapita ukumbini. Hakikuwa kicheko kikubwa, watu wa hapa si wabaya, lakini kilipita. Trent alichukua mpira uliofuata, akauandika, akauliza mtoto wa watu jina lake nani. Akamaliza saa yake yote, dakika kwa dakika. Vernon alihesabu mia nne mkononi mwa Lyle, noti za ishirini, akapewa kadi ndani ya mfuko wa karatasi wa kaki.

*

Huko nje theluji ilikuwa imeanza, ile ndogo kavu isiyoonekana mpaka ikuguse. Trent alikuwa anakwangua kioo cha gari lake, kwa mkono wa kulia. Vernon akaja na fremu. Alikuwa ameibeba kwenye buti la gari tangu asubuhi, kwa matumaini yake.

"Trent. Hii ni yako. Nimeifunga. Zote nane."

Trent akaitazama fremu, matundu saba yanawaka na moja jeusi. "Sijawahi kukuomba hii, Baba."

"Najua."

"Sasa hizi saba ni za nani? Zangu au zako?"

"Zako. Nimehakikisha. Zangu nilikuwa nazikataa."

Trent akaacha kukwangua. "Ulikuwa unazikataa. Yaani miaka yote hii ulikuwa unakumbuka."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani umesahau. Nikajiambia, mzee kasahau, si kosa lake. Ilinisaidia kidogo." Akapangusa theluji puani kwa mkono wa koti. "Na mle ndani? Ungesema tu, 'Nilimsaidia mtoto, mkono ulikuwa unamuuma.' Wangekucheka dakika mbili. Mimi wameshanicheka miaka saba, nimezoea, lakini ningependa leo wasinicheke."

"Nilitaka kusema."

"Sawa."

"Trent, nisikilize..."

"Nina zamu, Baba. Barabara zitaganda." Akaingia garini. Akateremsha kioo kidogo. "Mpe Mama pole, baridi imezidi, asisimame nje." Kisha akaondoka. Vernon akabaki amekumbatia fremu, theluji inaingia kwenye ukosi.

Wanadamu tuna namna ya ajabu ya kulipa madeni yetu. Vernon hakumfuata mwanawe. Aligeuka, akarudi ukumbini kwa hatua kubwa, na ushujaa wote uliokosekana nusu saa iliyopita sasa umempanda kichwani. Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu. Lyle peke yake alikuwa anakunja meza.

"Ni mimi niliyesaini," Vernon akasema kwa sauti kubwa. "Si Trent. Mimi. Mtoto alikuwa anaumwa mkono, nikamwita mvivu, nikasaini mimi. Nakwambia sasa."

Lyle akaegemeza meza ukutani. "Vernon. Mimi na wewe tulikaa dawati moja kwa Sista Bernarda. Ile S naijua. Nilipoifungua bahasha jana nilijua."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatembea na mia nne mfukoni, unanililia. Niseme nini?" Akachukua kiti, akakikunja. "Na usije ukaniambia nirudishe. Kilichouzwa kimeuzwa."

"Sikuja kwa hela."

"Basi umekuja kwa nini? Hakuna mtu hapa. Nenda nyumbani, bwana, mke wako yuko garini anaganda."

*

Nyumbani Darlene alipasha moto pierogi za jana, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, akazikaangia vitunguu. Waliketi jikoni, meza ileile. Fremu ilikuwa imelala kati yao, na Vernon alikuwa ameitia kadi ya nane mahali pake kwa sababu hakujua aifanye nini kingine. Zote zikakaa vizuri. Aliyekuja bila kujua angeona picha nane za kijana mmoja, amejikunja vizuri, mkono nyuma ya sikio, anawaka rangi zote za upinde.

"Nimesema," Vernon alisema. "Nimetubu. Nimesema yote, wazi, bila kuficha."

Darlene akaacha uma. Uso wake ulilainika kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umemwambia? Alisemaje?"

"Nimemwambia Lyle."

Vitunguu vilikuwa bado vinakaangika kwenye kikaango. Darlene akainuka, akazima jiko, akabaki amesimama pale penye sinki, kisogo chake kwa mumewe.

"Lyle ndiye aliyekuwa anaumwa mkono?"

Vernon akaisukuma sahani yake kando.

"Nilikuwa hapa," Darlene alisema, bado hajageuka. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa, na kisu na kiazi. Nilisikia. Nikajiambia, baba yake anajua zaidi mambo ya mpira. Miaka kumi na mitatu najiuliza ingenigharimu nini kukausha mikono nikakishika kile kiwiko. Wewe ulinunua kadi. Mimi sina hata cha kununua."

Chakula kikapoa. Barabarani ilipita gari moja, polepole, na saa ya ukutani ikaonyesha tisa kasoro dakika kumi. Vernon akavuta simu. Akapiga namba ambayo aliijua kwa moyo.

"Baba, ndiyo kwanza napakia chumvi," sauti ya Trent ilisema, na nyuma yake mashine zinanguruma. "Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Yuko hapa."

"Basi kuna nini?"

Vernon alikuwa na hotuba. Aliitunga njiani, ilikuwa na mwanzo na mwisho. Ikamtoka yote kichwani. Akatazama kiti cha kando ya dirisha, ambako kijana wake alikuwa amekaa na maboksi mawili na kalamu.

"Trent," alisema. "Siku ile. Mkono ulikuwa unakuuma wapi?"

Mashine zikaendelea kunguruma. Kisha Vernon akasikia mlango wa gari unafungwa na kelele zinapungua, kama mtu aliyejifungia ndani ili asikilizwe.

"Kiwiko," Trent alisema. "Upande wa ndani. Nikikunja kuandika ndiyo unachoma. Ulikuwa umeanza kabla ya Krismasi."

"Kabla ya Krismasi," Vernon akarudia.

"Nilikuwa naogopa kukwambia."

Darlene alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti. Vernon alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine, bila yeye mwenyewe kujua, alikuwa amekishika kiwiko chake, upande wa ndani.